Chenga Zilikuwa na Utu

Televisheni ya chogo ukiipiga kofi ilikuwa inaelewa. Kofi moja la ubavuni, picha inanyooka, sauti inarudi, habari zinaendelea. King'amuzi ukikipiga kofi kinaandika "Hakuna mawimbi", kisha kinakutazama kwa kile kitaa chake chekundu kama karani aliyekwisha funga dirisha. Hakitaki kofi hicho. Kinataka uingie kwenye menyu.

Tulifikaje huku? Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva yakawekeana tarehe ya kuhama kutoka matangazo ya analojia kwenda ya dijitali: 17 Juni 2015, na baada ya hapo mitambo ya analojia haina mtetezi, ikiingiliwa na masafa ya jirani itajijua. Afrika Mashariki tukaona tarehe hiyo ni ya wavivu, tukajipangia 31 Desemba 2012. Tanzania ikashika neno lake. Dar es Salaam ikazimiwa mkesha wa mwaka mpya, siku ambayo fundi hata ukimpigia simu hapokei. Dodoma na Tanga zikafuata mwisho wa Januari 2013, Mwanza mwisho wa Februari, Arusha na Moshi mwisho wa Machi, Mbeya mwisho wa Aprili. Watu wa Mbeya walipata miezi minne ya kuwacheka watu wa Dar, halafu zamu yao ikafika.

Sababu yenyewe ni ya haki, na hilo ndilo linaloudhi. Stesheni moja ya analojia ilikuwa inakalia megahezi 8 peke yake, kama abiria wa daladala aliyeweka kikapu kwenye siti ya pili na kujifanya anaangalia nje. Dijitali ni kondakta. Inabana stesheni kumi na zaidi humo humo, na zinaenea. Masafa yanayobaki yanakwenda kwenye intaneti ya simu, ili mtu aangalie kiganjani kile kilichomkatikia sebuleni.

Lakini analojia ilikuwa na utu. Mawimbi yakidhoofika ilikupa chenga, na katikati ya chenga mpira uliuona. Mawimbi yakifika mara mbili, ya kwanza moja kwa moja kutoka mnarani na ya pili yamegonga ghorofa la jirani na kuchelewa, ulipata kivuli: wachezaji 44 uwanjani, marefa wawili, na bado matokeo uliyajua. Mtu mmoja anashika antena, anasimama mguu mmoja, watoto wanapiga kelele "hapo hapo baba, usihame," mechi inaisha salama. Dijitali haina nusu mkate. Mawimbi yakishuka kutoka mazuri hadi ya wastani, picha inabaki safi vile vile, inakuficha. Yakishuka kidogo tena, vigae: mdomo wa mtangazaji unabaki mahali pake, kidevu kimehamia begani, sauti imeshikwa na kwikwi. Yakishuka kidogo tena, giza. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba chake kinakamata vizuri sana, ila upepo ukivuma ndiyo kinaleta vigae, ujue huyo anaishi ukingoni mwa shimo na hajapaona chini.

Wapo waliokurupuka kununua televisheni mpya. Madukani flati iliuzwa kana kwamba ni mtoto wa dada yake dijitali. Flati ni umbo, jamani. Wembamba si elimu. Flati nyingi za wakati ule ndani yake zilikuwa na kipokezi cha analojia tupu, sawasawa na chogo, na zilihitaji king'amuzi kama chogo. Kichekesho zaidi ni zile za mtumba kutoka Ulaya zenye nembo ya DVB-T, mfumo wa kwanza wa dijitali ya antena, mgongoni. Mwenye mali anaibusu ile nembo. Tatizo ni tarakimu moja: mnara ukirusha DVB-T2, mdogo wake DVB-T, kipokezi cha T hakioni kitu, ingawa cha T2 kinasoma vyote viwili. Na kuna zile kongwe zaidi zinazojua MPEG-2 peke yake, namna ya zamani ya kubana picha. Hizo zikikutana na matangazo ya MPEG-4 zinaikuta stesheni, zinaandika na jina lake, pengine na sauti inatoka, picha hakuna. Hongera, umenunua redio ya inchi 32.

Halafu kuna "antena ya dijitali". Antena ni aluminiamu! Haijui kama kinachopita ndani yake ni dijitali au ni taarabu. Inachojua ni urefu. Matangazo ya dijitali yanarushwa kwenye masafa ya juu, UHF, na vijiti vya UHF ni vifupi, sentimita 20 hadi 30. Ukipanda juu ukakuta antena ina vijiti virefu vya sentimita 75 na kuendelea peke yake, hiyo ni ya masafa ya chini, VHF, iliyokuwa ikikamata stesheni za zamani. Hiyo sasa ni ya kuanikia soksi. Ikiwa na virefu na vifupi pamoja, usinunue nyingine, vile vifupi vinatosha. Cha kuangalia ni antena za majirani zimelalaje. Vijiti vyao vikiwa vimelala sambamba na ardhi, na vyako vilale. Vikiwa vimesimama, simamisha. Ukikosea hapo unaweza kuelekeza antena mnarani kabisa kwa dira na bado upate sifuri ya heshima.

Na zile antena ndogo za mezani zenye miguu ya kunguni! Nyumba ina bati juu, nondo madirishani, geti la chuma mbele, halafu unataka mawimbi yapite yakaikute antena nyuma ya sofa. Itoe nje, ipite usawa wa bati, ndipo muanze kuulizana. Ikiwa ina kikuza mawimbi ndani yake, inakula volti 5 kupitia waya huo huo, na kwenye menyu ya king'amuzi kuna mahali pa kuiwashia huo umeme. Kwa kawaida pamezimwa. Nyumba ngapi zimetukana antena nzima ilhali ilikuwa ina njaa tu. Upande wa pili yupo anayeishi chini ya mnara, anausikia ukivuma, na bado amefunga busta kwa sababu fundi alikuwa nayo mfukoni. Mawimbi yanazidi, king'amuzi kinapaliwa.

Kuelekeza antena sasa. Zamani kazi hii ilikuwa ya dakika mbili: wa juu anageuza, wa dirishani anapiga kelele, picha inajibu papo hapo. Dijitali inachelewa kujibu. Wa juu anageuza, wa ndani anaona asilimia 12, anapiga kelele "bado!", wa juu anageuza tena, ndipo inatokea 68 ya pale pa mwanzo, "hapo hapo!", kumbe ameshapahama. Wanaweza kumaliza alasiri nzima wakipishana hivyo, na ndoa imo ndani. Geuza kidogo, kama dakika moja kwenye uso wa saa, kisha acha mkono, hesabu hadi tano, ndipo uulize. Na asomewe ubora, si nguvu. Kwenye menyu ipo mistari miwili. Nguvu ikiwa 90 na ubora 0 maana yake kelele ni nyingi na maneno hakuna, kama mkutano wa wapangaji kuhusu bili ya maji.

Waya nao. Unatakiwa waya wa antena wa omu 75, ule mnene. Kila mita 15 hivi za waya mzuri zinakula nusu ya nguvu, kwa hiyo ile mizunguko kumi uliyoificha nyuma ya kabati "isije ikahitajika" inakula mawimbi yako kila siku bila kulipa kodi. Ukimenya kichwa cha waya, toa ganda la nje kama sentimita moja na nusu, kunja zile nywele nyembamba zirudi nyuma, menya ile plastiki nyeupe, kisha kaza kichwa mpaka shaba ya katikati ichomoze milimita 2 au 3. Unywele mmoja, mmoja tu, ukiigusa ile shaba, kazi imeharibika. Analojia hapo ingekupa chenga na kuvumilia. Na tafadhali, kuunga waya kwa kusokota na kuzungushia nailoni ya mfuko si kuunga. Ni kumpa mvua njia ya kuingilia.

Ndani ya nyumba, kutoka king'amuzi hadi televisheni, kuna waya tatu. Njano picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Chogo nyingi zina tundu mbili tu, basi chomeka njano na nyeupe, nyekundu ibaki ikining'inia bila dhambi. Njano ikiingia tundu la sauti, spika zinanguruma na skrini ni usiku. Kwenye flati kuna tundu la kijani, watu huchomeka njano humo, picha inatoka nyeusi na nyeupe, wanasema king'amuzi ni feki. Ikiwa tundu ni lenyewe na rangi bado hakuna, ingia menyu uangalie mfumo wa rangi, kama imewekwa NTSC, weka PAL. Na ikiwa televisheni yako ni ya ukoo, ina tundu la antena peke yake, uliza kabla ya kulipa kama king'amuzi kina tundu la kutolea RF, yaani la kupeleka picha kwenye tundu la antena. Kama hakina, utanunua kisanduku kingine cha kugeuzia, na deki itakuwa inadai tundu hilo hilo.

Baada ya hayo yote king'amuzi kinawekwa juu ya chogo, penye joto, na kufunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kining'inie vizuri mbele kifunike na lile jicho la rimoti. Rimoti haishiki. Inagongwa gotini, betri zinazungushwa, zinang'atwa, zinaanikwa juani. Betri ni nzima, mama. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu ubonyeze. Ukiona kimwanga, tatizo ni maua. Na hivyo vitundu vya ubavuni si urembo, ndipo kinapopumulia. Adapta nayo ikiungua, mtu anachomeka ya kifaa kingine kwa sababu kipini kimeingia. Soma iliyoandikwa nyuma. King'amuzi kinachotaka volti 12 na ampea 1.5 ukikipa nusu ampea kinawaka, kinaandika karibu, kinazima, kinawaka, kinaandika karibu. Adabu kinayo, nguvu hakina.

Kila nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu inajua ile skrini ya bluu. Mtoto amebonyeza rimoti ya televisheni, imetoka AV, pale picha ya king'amuzi inapoingilia. Bonyeza AV au SOURCE mpaka irudi. Akibonyeza ya king'amuzi akafuta stesheni, tafuta upya. Kikidai namba ya siri, anza na 0000, watu wengi hawajawahi kuibadilisha.

Mateso makubwa ni kwamba king'amuzi ni kimoja. Zamani chumbani waliangalia lao na sebuleni lao, kila televisheni na akili yake. Sasa unavuta waya hadi chumbani na televisheni zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, anachotaka mwenye rimoti, na mwenye rimoti anataka katuni. Saa mbili usiku. Taarifa ya habari ya nyumba nzima inaongozwa na sungura.

Na akilala, bado. Dijitali inabana picha kule, inaifungua huku, na kubana na kufungua kunakula sekunde kadhaa. Redio ya analojia haingoji. Kwa hiyo antena iko sawa, ubora 80, waya mnene, kitambaa kimetolewa, umekaa, mpira unapigiwa pasi katikati ya uwanja, na nyumba ya pili mlinzi mwenye redio ameshapiga kelele za goli.

Unabaki unautazama ule mpira. Bado uko katikati.