Hati ya dharura: ya bungeni na ya mahakamani

Wengi wakisikia muswada umepelekwa bungeni "kwa hati ya dharura" hudhani nchi imeingia kwenye hali ya hatari. Hali ya hatari imo kwenye Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania: Rais huitangaza nchi ikiwa vitani au ikikumbwa na janga, na Bunge sharti liiunge mkono kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Hati ya dharura ni kitu kidogo zaidi. Ni karatasi yenye saini ya Rais inayosema muswada fulani hauwezi kusubiri ratiba ya kawaida. Haipunguzi haki ya mtu wala haiongezi madaraka ya polisi. Inachopunguza ni muda, na ubishi wote uko hapo.

Kwa kawaida muswada wa Serikali hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Huko "kusomwa" ni kwa jina tu: Katibu wa Bunge hutaja kichwa cha muswada, hakuna anayechangia. Kisha muswada huenda kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na kamati huita wadau watoe maoni. Mara nyingi hukaa hapo hadi mkutano unaofuata. (Mkutano wa Bunge huchukua wiki kadhaa, kikao ni siku moja ndani yake. Magazeti huvichanganya kila mara.) Kusomwa mara ya pili ndiko kwenye mjadala, halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima: Spika huacha kiti chake, huitwa Mwenyekiti, na ibara hupitishwa moja baada ya nyingine. Kusomwa mara ya tatu ni kuhitimisha. Baada ya hapo ni saini ya Rais, na zile "ibara" za muswada huanza kuitwa "vifungu" vya sheria.

Chini ya hati ya dharura, siku 21 huondoka na pengo kati ya mikutano huondoka. Hatua zote zinaweza kuisha ndani ya mkutano mmoja.

Anayeumia kwanza ni yule anayetaka kurekebisha. Kwenye Kamati ya Bunge Zima mbunge hafiki mbali kwa kusimama na kusema "neno hili libadilishwe". Anatakiwa awe amewasilisha jedwali la marekebisho kwa maandishi, likitaja ibara, maneno yanayofutwa na yanayoingia. Kwa muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali kazi ni kubwa zaidi. Muswada wa aina hiyo husema tu kwamba kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno fulani na kuweka mengine. Bila sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, mezani huelewi kilichobadilika, na kama muswada mmoja unagusa sheria sita, unahitaji vitabu sita. Mdau aliyepewa siku mbili huishia kuandika maoni ya jumla, na maoni ya jumla hayaingii kwenye jedwali.

Hata hivyo wanaoitetea hati wana hoja nzito, na mfano wao bora ni Julai 2017. Bunge lilipitisha miswada mitatu ya maliasili kwa hati ya dharura, katikati ya mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mchimbaji kwa Serikali kutokana na thamani ya madini, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo kwenye kampuni za uchimbaji. Mwishoni mwa mwezi huohuo mazungumzo na Barrick, kampuni ya Kanada ya uchimbaji dhahabu, yakaanza. Ukienda mezani na sheria mkononi, mwenzako hawezi kukuuliza asilimia 16 umeitoa wapi. Makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020 na kuizaa Twiga, kampuni ya ubia kati ya Serikali na Barrick, yaliipa Serikali asilimia hizohizo. Ni vigumu kudai kwamba kusubiri kungeleta matokeo bora.

Upande wa pili nao una mfano. Julai 2015, Bunge likielekea ukingoni na uchaguzi ukikaribia, miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipitishwa kwa hati ya dharura huku wapinzani wakipiga kelele na baadhi yao wakisimamishwa. Miaka miwili baadaye Sheria ya Petroli ya 2015 ilikuwa miongoni mwa zilizorekebishwa na mmoja wa ile miswada ya 2017. Dharura ikafunguliwa kwa dharura nyingine. Mabadiliko ya siasa yalichangia, lakini sheria ya sekta inayopimwa kwa miongo ilistahili mkutano mmoja zaidi.

Mahakamani maneno ni hayohayo, utaratibu ni mwingine. Wakili huambatanisha hati ya dharura na maombi yake pamoja na kiapo kinachoeleza madhara yatakayotokea mahakama ikichelewa. Anayeapa uongo anaweza kushtakiwa. Jaji akiridhika, anaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa zuio la muda, kisha upande wa pili unaitwa kujibu. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, zuio la muda halizidi miezi 6, na hata likiongezwa jumla yake haipiti mwaka 1. Yaani aliyeharakisha lazima arudi kujieleza. Bungeni harudi mtu. Sheria iliyopita kwa siku chache ina maisha sawa na iliyokaa kwenye kamati mwaka mzima.

Kenya hupunguza muda kwa njia nyingine: Bunge lenyewe hupitisha hoja ya kufupisha siku za kuchapishwa kwa mswada. Tena Ibara ya 118 ya Katiba yao inalitaka Bunge lishirikishe umma, hivyo suala la ushirikishwaji hufika mahakamani mara kwa mara. Katiba ya Tanzania inampa raia haki ya kushiriki katika uamuzi kwenye Ibara ya 21(2), lakini hailielekezi Bunge jinsi ya kuitekeleza.

Kuifuta hati ya dharura lingekuwa kosa. Serikali yoyote hukutana na jambo lisilosubiri. Wapo wanaopendekeza sheria za namna hii ziwe na ukomo kama zuio la mahakama. Pendekezo hilo nalo lina kasoro: anayejenga mgodi hupiga hesabu ya miaka 20, na sheria inayoweza kufa baada ya mwaka 1 itamfukuza au itamfanya adai masharti ya ziada kwenye mkataba. Kinachofaa zaidi ni mapitio ya lazima. Sheria iendelee kutumika, lakini ndani ya miezi 18 waziri alete taarifa ya utekelezaji, na kamati iwaite wadau waliokosa nafasi mwanzoni, safari hii wakiwa na sheria mama mezani na siku 21 kamili. Hilo halihitaji kubadili Katiba. Linaandikwa kwenye Kanuni za Kudumu, ambazo Bunge hujitungia lenyewe chini ya Ibara ya 89.