Nguzo Zangu Ziko Mbezi

Kazi yangu kuchora ramani za nyumba, na wiki nzima sijachora hata ukuta mmoja. Natafuta nguzo.

Ni nyumba ya ghorofa moja kule Goba, nguzo 24. Injinia kazichora, kalipwa, kanitumia faili kwa WhatsApp na kidole gumba juu yake. Nafungua: peupe. Nakuza, napunguza, nakuza tena. Katikati pale, kadogo kama sisimizi, kuna kamstari ka maandishi: D:\KAZI\GOBA\MWISHO\MWISHO KABISA\nguzo.dwg.

Kumbe nguzo zipo. Zipo Mbezi, kwenye kompyuta ya injinia. Mimi nimeletewa anwani.

Hiyo ndiyo eksirefu. Ramani inaichungulia ramani nyingine bila kuimeza. Utamu wake naujua, siyo kwamba nachukia maendeleo: mkiwa ofisi moja, ukisogeza ukuta, ramani ya umeme, ya maji na ya nguzo zote zinauona ukuta mpya. Lakini hiyo ni kwa wanaokula meza moja. Mimi niko Tabata, na kati yangu na injinia kuna bando la wiki lililobaki kidogo.

Nikampigia. "Injinia, nguzo hazionekani."

"Mbona kwangu zinaonekana?"

Kwako zinaonekana! Na kwangu ubwabwa umeiva, haya kula basi, si tuko hewani?

Akatuma nguzo. Nguzo nazo zinachungulia gridi, ile mistari ya kupangia nguzo. Akatuma gridi, gridi inachungulia kiwanja cha mpima ardhi. Ziko namna mbili za kuunganisha haya mambo: moja mgeni anakuja na ukoo wake wote, ya pili anakuja peke yake. Injinia wangu kachagua ya ukoo, halafu ukoo wenyewe kauacha stendi.

Nikamwomba azifunge zote ndani ya faili moja, yaishe. Akafunga. Sasa leya, yaani tabaka la mchoro, iliyokuwa ikiitwa ZEGE inaitwa nguzo$0$ZEGE. Leya 140, kila moja na dola mbili katikati ya jina. Nimepiga hesabu: nina dola 280 ndani ya kompyuta, na nauli ya daladala nimekopa kwa mama lishe.

Tena mimi situmii AutoCAD, ile programu maarufu ya kuchorea ramani. Natumia programu nyingine, ya bei ninayoiweza. Faili za DWG, zile za AutoCAD, inazisoma vizuri tu, ila kabla ya kuingiza inauliza: faili hili limechorwa kwa kipimo gani? Mimi nikabonyeza sawa, sawa, sawa, kama mtu anayekubali masharti ya mkopo wa simu. Kumbe nimekubali inchi. Injinia kachora kwa milimita. Kila kitu chake kikavimba mara 25.4, kuta zangu zikabaki vilevile.

Nguzo ya kwanza na ya pili, zilizotakiwa kuachana meta 3.6, zikaachana meta 91 na sentimita 44. Uwanja wa mpira wenyewe sheria inataka urefu usipungue meta 90. Moja iko kwetu, ya pili iko kwa jirani, ya tatu imevuka barabara.

Na mwenye nyumba naye, mzee wa watu, akachagua siku hiyohiyo kupita ofisini. Nasema ofisini, ni meza yangu pale stesheneri, pembeni ya mashine ya fotokopi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili dude la mraba ni nini?"

"Nguzo, mzee."

Ilitakiwa iwe sentimita 23. Ilikuwa meta 5 na sentimita 84.

"Na sebule iko wapi?"

"Iko ndani ya nguzo, mzee."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaangalia. Hakusema kitu. Akavuta kiti akakaa, na mzee akikaa ujue hela iliyobaki haitoki leo.

Nikarekebisha mbele yake. Milimita, ingiza, nguzo zikarudi kila moja kwenye kona yake, nzuri zimepangika kama watoto wa paredi. Mzee akaanza kutabasamu. Hapo ndipo nikaharibu: nikampigia injinia, nikaweka spika ili mzee asikie jinsi ninavyofundisha watu kazi.

"Injinia, siku nyingine tuma vitu kamili. Mtu akifungua akute ramani, asikute anwani."

"Sawa bosi. Hata mimi nilitaka kukupigia. Ile ya kuta uliyonitumia jana nimeifungua, iko tupu."

"Tupu vipi? Mbona kwangu inaonekana?"

"Kuna maandishi tu hapa katikati. Ngoja nikusomee. E, nukta mbili, VIDEO ZA SENDOFU, halafu USIFUNGUE, halafu SHANGAZI AKIANGUKA, halafu kuta.dwg."

Mzee akavua miwani tena.