Ndege ya sarakasi inyooshwe mezani, sio kwenye rimoti

Naona watu wengi wanaunga ndege ya rimoti ya sarakasi haraka haraka, sevo (vimota vidogo vya kusogeza usukani) hapa gundi pale, jioni moja imekamilika, halafu ikienda upande angani wanabonyeza trimu, vile vitufe vya rimoti vya kurekebisha mwelekeo kidogo, mpaka itulie na kwao kazi imeisha. Mimi sikubaliani kabisa na huo mtindo.

Ndege ya kujifunzia mabawa yake yameinuka kidogo kwenye ncha, ikilala upande inajirudisha yenyewe. Ya sarakasi haina hiyo huruma na ni makusudi, mabawa yamenyooka na umbo la juu ya bawa ni sawa na la chini ili ukiigeuza kichwa chini iruke vilevile. Kwahiyo kosa la mezani linapanda nayo angani.

Chukua mfano bawa la kushoto limezidi uzito, labda gundi ilimwagwa nyingi upande huo. Ikiruka kawaida inalalia kushoto, unaweka trimu ya kulia, inatulia, unafurahi. Sasa igeuze kichwa chini. Uzito bado unalivuta bawa lilelile chini, ila trimu yako nayo sasa inalisukuma hukohuko chini, yaani makosa mawili yanasaidiana! Kwenye lupu, ule mzunguko wa kupanda juu na kurudi chini kama duara, ndo balaa, ukivuta mpaka ndege ibebe mara 4 ya uzito wake na ile tofauti ya bawa inakuwa mara 4, trimu haina habari, lupu inatoka imepinda. Na dawa yake ni rahisi mno, ishikilie kwa vidole puani na mkiani, angalia bawa gani linashuka, bandika kauzito kwenye ncha ya bawa jepesi mpaka zilingane.

Mota ni hivyohivyo. Ile pembe ndogo ya kuangalia kulia iliyopo kwenye mchoro sio pambo. Ukiikosea ukarekebisha kwa usukani wa mkia, itanyooka kwenye moto mmoja tu, yaani kiwango kimoja cha nguvu ya mota, ukiongeza moto inaenda huku, ukipunguza inaenda kule. Weka washa (vile vipete vyembamba vya chuma) nyuma ya skrubu za mota mpaka ikae sawa, trimu iache.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni uzi. Choma pini katikati ya bodi kule mkiani, funga uzi usiovutika, pima mpaka ncha ya bawa moja kisha ya pili, zikipishana hata milimita chache usiweke gundi kwanza. Bawa la mkia nalo lilinganishe na bawa kubwa, simama mbele ya pua, funga jicho moja, utaona lililolala. Hapo ndo unamwaga gundi ya epoksi, ile ya dakika 30, maana ya dakika 5 inakauka bado unahangaika kunyoosha. Na mkiani gundi iwe kidogo jamani, mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, gramu moja ya kule inaweza kudai gramu mbili au tatu za kusawazisha mbele, na ndege nzito ya sarakasi inaboa kuirusha.

Wapo wanaosema rimoti za siku hizi zina kompyuta, zitachanganya na kurekebisha kila kitu zenyewe. Hanno Prettner wa Austria alichukua ubingwa wa dunia wa sarakasi za ndege za rimoti 1977 na ndege yake iitwayo Curare, na rimoti za enzi hizo hazikuwa na kompyuta ndani. Unyoofu ulikuwa kwenye ndege yenyewe. Kompyuta ni nzuri, naitumia, ila iikute ndege imeshanyooka.

Wenye ndege zinazokuja karibu kamili nao wasijione wamepona. Bawa la balsa, ule mti mwepesi, lililokaa kwenye unyevu wa pwani au kwenye gari juani linaweza kujipinda, na plastiki inayolifunika inalegea mikunjo. Lilaze kwenye meza iliyopimwa kwa pima maji, kona moja ikiinuka likunje kidogo kinyume chake, mwenzako apitishe pasi ya moto wa wastani juu ya plastiki, lishikilie hivyohivyo mpaka lipoe, kisha lilaze tena upime.