Kolekole wa Kilo 85

Jigi ni chambo bandia: kipande cha madini ya risasi chenye umbo la samaki, kimepakwa rangi ya kung'aa. Linazama upesi mpaka mwambani, halafu unalipandisha kwa mitikisiko ya rodi (fimbo ya kuvulia) na rili (gurudumu la uzi): rodi juu, rili mzunguko mmoja, rodi juu, rili mzunguko mmoja. Kolekole akiliona anadhani ni kibua anayetoroka, na hapo haulizi bei. Ndoana zake mbili hufungwa kichwani kwa kamba fupi, kwa sababu kolekole hupenda kuanzia kichwani, na ndoana ya mkiani kazi yake kubwa ni kuvua mawe.

Hayo yote nilimhutubia shemeji yangu kutoka Msasani mpaka tulipoipita Bongoyo. Mzee nahodha alisikiliza akikatakata ngisi wake wa chambo, hasemi kitu.

Tulisimamisha injini penye kina cha mita 60. Maji yakiwa yametulia, gramu 150 au 200 zinatosha hapo. Lakini ilikuwa bamvua, mwezi mpevu juzi yake tu, na mkondo ulikwenda kama Msimbazi ukifurika Jangwani. Mzee akasema, "Wekeni 300." Shemeji akaweka. Mimi nikabaki na 150, kwa ubishi na kwa kuuhurumia mkono.

Kosa la pili lilikuwa kivuli. Upepo wa kusi ukiisukuma boti, wavuvi wote husimama upande unakotoka upepo, ili mishipi ibaki nyuma, mbali na boti. Ukisimama upande wa pili, boti inaupanda mshipi wako na unapita chini ya mkuku. Kivuli kilikuwa upande wa pili.

Jigi langu halikugusa chini. Uzi uliendelea kutoka tu, mita 80, mita 100, nami nikijisifu kwamba kina ni kikubwa. Nilipovuta, rodi ikapinda mpaka ncha ikanywa maji.

"Nimempata!"

"Na mimi pia, shem!" akajibu shemeji nyuma yangu.

Breki ya rili nilikuwa nimeipima kwa mzani wa kuning'iniza, kilo 7, theluthi hivi ya nguvu ya uzi wa paundi 50. Ikalia kama cherehani. Kolekole halisi hugonga kwa kichwa, gu-gu-gu, unausikia mshindo huo mpaka kiwikoni, kisha anakimbilia mwambani aukate uzi. Wangu hakugonga. Nikivuta, anavuta. Nikipumua, naye anapumua. Nikasema huyu ni mtu mzima, ana akili.

"Wangu hapungui 80," shemeji akatweta.

"Wangu 85!"

Nikampigia mke wangu asinunue nyama.

Dakika ya ishirini mkono ukafa ganzi. Nikalegeza breki kidogo nipumzike, na papo hapo nikasikia, "Anachoka! Anakuja juu!" Nikakaza. "Aa, karudi chini!" Nikalegeza. "Anakuja!"

Mzee akaweka chini mshipi wake wa mkono. Alikwisha toa changu sita. "Mmoja afungue breki, mwingine akusanye," akasema taratibu. "Mkiendelea hivi mtaizamisha boti yangu."

Nikafungua. Upande wa shemeji yakapanda majigi mawili yamekumbatiana, ndoana ndani ya ndoana. Niliyemkisia kilo 85 ana 84, kwa mzani wa duka la dawa. Mimi nina 79.

Tulikubaliana kunyamaza. Kwenye soko la samaki la Feri nikanunua kolekole wa kilo 4, nikamtoboa mdomo kwa ndoana ya jigi ili ushahidi ukamilike.

Mke wangu alimgeuza kwenye sinia, upande huu, upande ule.

"Baba Nasra, umemvua leo?"

"Leo leo. Muulize kaka yako."

"Mlimkuta huko chini ameshatolewa matumbo na kuchanjwa tayari kwa kukaangwa?"

Shemeji akaomba maji ya kunywa.