Maji ya Sanje yana ngazi zake. Je, na njia iwe nazo?

Shangazi yangu ameishi Mang'ula, mkoani Morogoro, tangu alipoolewa. Milima ya Udzungwa iko nyuma ya nyumba yake kama ukuta: migomba inapoishia, msitu unaanza. Kwa miaka mingi aliingia msituni humo kuokota kuni, lakini maporomoko ya Sanje aliyajua kwa kusimuliwa tu. Kiangazi kilichopita nikamwambia, "Shangazi, safari hii twende wote." Akafunga kanga kiunoni, akavaa raba za mjukuu wake, tukaondoka asubuhi tukiwa na mwongoza wageni na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Nusu saa ya kupanda ilimtosha. Alishika mzizi uliokatiza njia, akajivuta, akakaa juu ya gogo. "Mwanangu, magoti yamekataa. Nenda, utanisimulia." Askari akabaki naye. Mimi nikaendelea kupanda huku nikiwaza jambo ambalo nimelisikia mara nyingi kwa vijana wanaoishi kwa kuongoza wageni: njia hii ijengewe ngazi na vyuma vya kushikilia, au iachwe ilivyo?

Nataka kulipima kwa haki, maana nina uchungu na pande zote mbili.

Sanje ndiyo maporomoko marefu kuliko yote katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Maji yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, yakitua kwenye dimbwi, yakijikusanya, kisha yakiruka tena. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na anayetaka kuizunguka huenda kwa miguu. Hakuna kupita na gari ukichungulia dirishani. Safari ya Sanje, kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida, ni kama saa nne. Ukikaribia dimbwi mnaanza kuzungumza kwa ishara kwa sababu ya ngurumo, na manyunyu yanakulowesha kabla hujayafikia maji. Ukigeuka, bonde la Kilombero limelala chini yako, miwa na mpunga hadi macho yanapokoma.

Wanaotaka ngazi hawasemi upuuzi. Nilishapanda njia hiyo wakati wa masika, na ile sehemu ya kushuka kando ya maporomoko sitaisahau. Mwongozaji alinitangulia, akageuka kunitazama, akawa ananishika kifundo cha mguu na kuupanga mguu wangu kwa mkono wake kwenye kila jiwe. "Hapa, kaka. Sasa hapa." Mawe yamevaa utelezi wa kijani, na mzizi unaoonekana imara unazunguka ukiukanyaga. Mtu akivunjika mguu pale hakuna gari la wagonjwa litakalomfuata. Atashushwa kwa machela, mabegani mwa watu, kwa saa kadhaa.

Kisha kuna jambo ambalo wapenda mazingira wengi hulipita haraka. Njia ya udongo isiyotunzwa nayo inaumiza msitu. Mvua ikinyesha, katikati ya njia panakuwa tope, kila mtu anakwepa tope kwa pembeni, pembeni nako panakuwa tope. Njia iliyokuwa ya upana wa mtu mmoja inakuwa ya watu watatu, mizizi inabaki uchi, maji ya mvua yanapata mfereji wa kuteremkia. Ngazi zinakusanya miguu yote mahali pamoja. Kwa hesabu hiyo mjenzi wa ngazi anaweza kuwa rafiki wa msitu kuliko anayeuacha ukanyagwe ovyo.

Hoja nzito zaidi ya upande huu, hata hivyo, ni ya kuni. Hifadhi ilipoanzishwa, wanakijiji wa upande huu wa mashariki waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sababu zilikuwepo: ukiondoa miti iliyoanguka unaondoa chakula cha udongo, na nyuma ya mzigo wa kuni kavu mtu mwingine huficha mti mbichi. Lakini gharama ilikwenda kwa wanawake. Shangazi alianza kununua kuni na mkaa kwa fedha ambayo awali ilikuwa ada na mboga. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha Sanje au Mang'ula anaposema, "Msitu tumeuacha, basi wageni waje wengi tupate kitu," anadai alichoahidiwa. Ngazi zitaleta wageni wengi, hasa Watanzania wenzetu: wanafunzi kwa mabasi, familia zenye watoto, wazee. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni wa kutoka mbali, na wengi wetu tunakosa hifadhi zetu kwa kuogopa mlima, si kwa kuogopa bei.

Nilikuwa nimeshakubaliana na haya yote siku ile nilipokaa kando ya dimbwi. Kilichonirudisha nyuma ni kufikiria nani mwingine anaishi pale.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje, wakasikia mlio wa kima wasiyemjua. Mwenyeji aliyefuatana nao hakushangaa. Kima huyo alikuwa na jina lake kijijini: n'golaga. Sayansi ikamwita mangabei wa Sanje. Leo anajulikana katika misitu miwili tu ulimwenguni, Mwanihana na ule wa Uzungwa Scarp upande wa kusini. Tofauti na mbega, ambao siku nzima wako juu ya miti, n'golaga hushinda sana chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Sakafu ya msitu ndiyo sahani yake. Kila mita ya njia inayopanuliwa na kila kundi la watu arobaini lenye spika ya muziki linamgusa yeye kabla ya mnyama mwingine. Tena kima na binadamu tunaambukizana mafua na maradhi mengine ya kifua. Wageni wanane wanaotembea kwa utulivu ni jambo moja. Wageni mia nane wa siku ya sikukuu ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna manyunyu. Watu hudhani pale penye ukungu wa maporomoko hakuna kitu ila mawe na majani mabichi. Udzungwa hiyo hiyo imetufundisha vinginevyo, na kwa gharama kubwa. Kwenye korongo la Kihansi, nje ya hifadhi hii lakini katika safu hiyo hiyo ya milima, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai, na makazi yake duniani kote yalikuwa ni kipande kile tu kinacholoweshwa na manyunyu. Alitambuliwa mwaka 1996. Miaka michache baadaye bwawa la umeme likachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakapungua. Zikafungwa bomba za kunyunyizia, lakini mwaka 2003 vyura wakaporomoka ghafla, na kuvu wa ngozi unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ulikutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hayupo tena. Waliokuwa wamepelekwa kufugwa Marekani ndio waliorudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012. Silinganishi ngazi na bwawa la umeme. Nasema kwamba kuvu wa namna ile husafiri na maji na tope, na tope husafiri na viatu, hivyo anayepanga kumwaga zege penye manyunyu ya Sanje kwanza awatume watu wenye tochi wakae pale usiku kadhaa, wahesabu kilichopo.

Zege nalo lina tabia yake. Kwenye mteremko wenye mvua nyingi, maji hayaingii ndani ya ngazi, yanatafuta ubavu wake na kuchimba. Baada ya masika chache unakuta ngazi inaning'inia na korongo dogo kando yake. Ngazi za mbao zinaoza. Zote mbili zinataka fundi kila mwaka, na fungu la ukarabati ndilo la kwanza kukatwa kila bajeti inapobana. Ngazi mbovu ni hatari kuliko jiwe, kwa sababu mgeni anaiamini.

Wengine hutolea mfano wa Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, ambako kumejengwa ngazi ndefu za kushukia korongoni na watu wanafurahia. Ni kweli, na nafurahi nao. Ila Kalambo maji yanaanguka kwa mruko mmoja mkubwa, ukifika unasimama unatazama. Sanje inapitiwa: unapanda nayo, unashuka nayo, na msitu ndio sehemu kubwa ya safari. Mfano unaofanana zaidi uko mbali, Thailand. Maporomoko ya Erawan, mkoani Kanchanaburi, yana ngazi saba za maji na njia fupi ya kama kilomita mbili, na hujaa watu kutoka Bangkok. Wenzetu hawakuzuia umati. Waliweka kituo kwenye ngazi ya pili ambapo chakula hakivuki, na mwenye chupa ya maji anaacha fedha kidogo ya amana, anarudishiwa akirudi na chupa yake. Utaratibu huo naupenda, kwa sababu unamfikia mtu wa kawaida mkononi kuliko bango lenye maandishi makubwa. Lakini unahitaji watumishi wa kukagua mabegi kila siku, mwaka mzima. Kabla ya kuiga umati wa Erawan, tuige kwanza kituo chake.

Kuhusu mwongozaji wa lazima na askari, kuna wanaolalamika kwamba ni gharama ya bure kwa njia inayoonekana wazi. Hapo sina haja ya kupima sana. Udzungwa kuna tembo, na wakulima wa Mang'ula wamefika hatua ya kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili kuwazuia. Aliyekutana na tembo kwenye njia nyembamba, msitu umebana kushoto na kulia, hataulizia tena askari analipiwa nini.

Hukumu yangu ni hii, na anayeipinga anijibu kwa hoja. Njia ya kwenda juu Sanje ibaki ya udongo. Zile sehemu chache zinazotelezesha kando ya maporomoko ziwekewe mawe yaliyopangwa kwa mkono na kamba au chuma cha kushikilia, vinavyoweza kung'olewa na kubadilishwa. Yachimbwe matuta madogo ya kutoa maji njiani, kazi ya jembe na sururu ambayo vijana wa Sanje wanaiweza na wangelipwa kila mwaka kuifanya, badala ya mkandarasi kulipwa mara moja na kuondoka. Idadi ya watu kwa siku iwe na kikomo, hasa sikukuu. Na sehemu ya fedha ya njia hii ijulikane wazi, ibandikwe ofisi ya kijiji, iende moja kwa moja kwenye majiko banifu, gesi na mashamba ya miti ya kuni kwa kaya zilizofungiwa msitu mwaka 2011. TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, ina mpango wake wa ujirani mwema na umejenga mambo yanayoonekana, lakini darasa jipya haliivishi maharage ya shangazi. Kule Materuni, Kilimanjaro, maporomoko yako kijijini na wageni huunganisha safari hiyo na kahawa inayokaangwa na kutwangwa na wenyeji wenyewe. Hifadhi ya taifa haiwezi kuwa hivyo ndani ya mipaka yake, ila mlangoni mwake inaweza.

Linabaki suala la magoti, na sitaki kulikwepa, kwa sababu ndilo lililonipandisha na uchungu. Mtu aliyeulinda msitu kwa kunyimwa kuni ana haki ya kuona maji yake. Nilikosea mimi kwa kudhani maji hayo lazima yawe Sanje. Karibu na lango la Mang'ula kuna maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyeizindua hifadhi mwaka 1992. Kwenda na kurudi ni mwendo mfupi. Ngazi pana, mabenchi na vyuma vya kushikilia vijengwe huko, kwa wazee, wajawazito na watoto wa chekechea, mahali ambapo askari wako karibu na gari linaweza kuitwa.

Niliposhuka siku ile nilimkuta shangazi akimwonyesha askari kijana wapi walikuwa wakitua mizigo ya kuni, mti upi una majani ya kutuliza tumbo, na upande gani n'golaga walikuwa wakipita asubuhi. Kijana alikuwa ametoa daftari, anaandika. Mwezi uliofuata nilimpeleka shangazi kwenye maporomoko ya Prince Bernhard. Kwa mwendo wake, na mapumziko mawili, hatukufikisha saa. Akavua raba za mjukuu, akaziweka sambamba juu ya jiwe kavu, akatumbukiza miguu.