Shangazi na Fomu ya Forodha

Tulikuwa bado angani, ndege ikikaribia Marekani, mhudumu alipopita akigawa fomu za forodha. Shangazi akaidaka ya kwetu. Familia moja inayokaa nyumba moja hujaza fomu moja tu, na kiongozi wa msafara, bila kupigiwa kura, alikuwa yeye. Mimi karani.

Jina, nambari ya pasipoti, anwani ya tunakofikia: tukapita salama. Matata yakaanzia kwenye maswali ya ndiyo na hapana.

Nikamsomea: tumebeba matunda, mboga, mimea, mbegu, chakula au wadudu?

"Weka ndiyo. Nina pipi za kikohozi."

"Shangazi, hizo ni dawa."

"Zinatafunwa, hazitafunwi?"

Nikaweka ndiyo.

Halafu vimelea vya magonjwa na konokono. Sitanii, konokono wameandikwa kabisa, kisanduku kimoja na vijidudu vya maabara. Konokono akawakana kwa kiapo. Kwenye vimelea akasita, akapenga kamasi. "Mafua haya ninayo tangu juzi. Wasije wakasema tuliwaficha." Nilimbembeleza mpaka abiria wa kiti cha tatu akajifanya amelala.

Fedha zaidi ya dola 10,000? Nikamweleza kuwa kuzibeba si kosa, kosa ni kuzibeba ukanyamaza, na huhesabiwa za familia nzima kwa pamoja. Akaninong'oneza kwamba mtu asiyekujua akikuuliza una fedha kiasi gani, shika pochi yako.

Lakini lile la mifugo lilimkosha. Umegusa mifugo au umefika shambani? Alikuwa ametoka shambani wiki ileile. Nikapewa habari za mbuzi mmoja mmoja: nani kazaa pacha, nani mkorofi, nani anachechemea. Yote hayo kwenye kisanduku kinachomeza alama moja. Nikaweka ndiyo, nikatia sahihi, nikiwa na uhakika tumejiandikia safari ya kwenye chumba cha upekuzi.

Kwenye ukumbi wa mizigo alikuja mbwa mdogo, aina ya beagle, kavaa kizibao, masikio yakimning'inia. Mbwa hawa wa forodha hufundishwa kunusa matunda na nyama, na wakipata hawabweki. Huketi tu kwa adabu. Huyu akaketi mbele ya begi langu.

"Una matunda?" afisa akauliza.

"Sina," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyefunga begi lake mwenyewe.

Shangazi akanivuta shati. "Anasemaje?"

"Anauliza matunda."

"Si lile tofaa la kwenye ndege? Nilikutilia mfuko wa pembeni, nikijua utashikwa na njaa."

Jasho likanitoka. Tunda ulilopewa ndani ya ndege huliwa ndani ya ndege. Ukilishusha bila kulitaja, faini yaweza kufika dola 1,000 hata kama ndiyo mara yako ya kwanza. Afisa akalitoa tofaa, bado limevaa karatasi yake ya nailoni, akachukua fomu yetu, akaitazama. Kile kisanduku cha pipi za kikohozi ndicho hichohicho cha matunda. Ndiyo, imewekwa. Tofaa likatupwa kwenye pipa, faini hakuna, na Shangazi akanitazama jicho ambalo sitalieleza hapa.

Kwenye upekuzi walikuwa na swali moja kuhusu mbuzi: viatu alivyovaa shambani viko wapi?

"Mwambie hivi hapa," akasema, akiinua mguu. Udongo ulikuwa umeganda kwenye soli, na unyasi umo. Afisa wa kilimo akavaa glavu, akaondoka navyo. Shangazi akakaa na soksi zake, mikono mapajani, kama yuko sebuleni kwake. Viatu vikarudi vimesuguliwa na kutiwa dawa, hata kamba zimenyooka. Akavigeuza huku na huku, akatafuta doa, akalikosa.

"Ni bure?" akaniuliza.

"Bure."

"Basi vua na vyako."