Kanuni za mitandao kazini: zilinde sitara ya nani?

Siku hizi si ajabu kijana wa Kizanzibari akapewa mkataba wa kazi ya hoteli, skuli ya binafsi au kampuni ya utalii, akakuta ndani yake kifungu kinachohusu simu yake mwenyewe. Mara nyingi kifungu ni kifupi: mfanyakazi asiweke mtandaoni jambo lolote litakaloharibu jina la mwajiri. Anatia saini, anapewa sare, anaanza kazi. Maana ya kifungu ataijua siku atakapoitwa ofisini na kuoneshwa alichokiandika.

Mimi naunga mkono kuwepo kwa kanuni hizi. Ninachokipinga ni namna zinavyoandikwa, kwa sababu nyingi zinaanza na jina la kampuni na kumsahau mgeni, mgonjwa na mwanafunzi, watu ambao hawakutia saini mkataba wowote na ndio wanaoumia zaidi simu inapotumiwa vibaya.

Tuanze na hoja ya mwajiri, maana ina uzito. Zanzibar ya leo inaishi kwa utalii kuliko inavyoishi kwa karafuu. Mgeni anayekusudia kufika Nungwi, Kiwengwa au Paje huchagua hoteli kwa kutazama picha za Instagram na kusoma maoni ya waliomtangulia kwenye TripAdvisor. Video ya nusu dakika kutoka jikoni, hata kama imechukuliwa siku ambayo bomba lilipasuka, inaweza kuwafanya watu wafute safari. Hasara hiyo haimfikii mwenye hoteli peke yake. Inamfika mvuvi anayepeleka pweza, mama anayeuza mboga, dereva wa gari ya wageni, na wafanyakazi wenzake huyo aliyerusha video.

Lakini hoja nzito kuliko hiyo ni ya mtu wa tatu. Mume na mke waliokuja kwa fungate wamelipa ili wawe peke yao. Mhudumu akiwapiga picha kwa nyuma wakiwa ufukweni, akaiweka kwenye stetasi yake pamoja na jina la hoteli, amewaonesha watu asiowakusudia faragha ya wageni wake, na amewatangazia wote wenye namba yake kwamba chumba chao saa hiyo hakina mtu. Hakukusudia ubaya. Pengine alifurahia mandhari tu. Ndiyo maana lazima iandikwe wazi, ili asiachiwe kubahatisha.

Hospitali ni zaidi. Pemba ni kisiwa ambacho mtu wa Wete anajulikana Mkoani kwa ukoo wake. Muuguzi akipiga picha wodini na kuuficha uso wa mgonjwa, bado kanga aliyojifunika na jamaa aliyekaa pembeni ya kitanda vinatosha kumtambulisha. Ushauri unaofaa kwenye mji wa mamilioni ya watu, kwamba ukificha jina na sura basi umemaliza, kwetu haufai hata kidogo. Mgonjwa anaweza kuwa na maradhi ambayo hajawaambia hata nduguze wa tumbo moja, kisha habari zikamfikia mama yake kutoka kwa jirani. Vivyo hivyo mwalimu anayetupa orodha ya matokeo ya darasa zima kwenye grupu la wazazi: mtoto aliyeshika mkia ameaibishwa mbele ya mtaa, na kesho anatakiwa aje skuli kama kwamba hakuna kilichotokea.

Katika mambo hayo sioni haja ya kupima pande mbili. Kanuni iwe kali, adhabu ijulikane, na isimpe mtu nafasi ya kusema hakujua.

Kwenye jina la mwajiri ndipo mizani inapohitajika. Mwajiri aliyezushiwa uongo hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inamtia hatiani anayesambaza taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu au kudanganya, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hiyo ni adhabu nzito mno kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Basi kama uongo tayari una sheria yake, kifungu cha "kuharibu jina" kinaongeza kitu gani? Kwa maoni yangu kinaongeza jambo moja: kinamzuia mfanyakazi kusema kweli isiyompendeza mwajiri.

Mwajiri atajibu kwamba mahkama huchukua muda na jina huharibika kwa usiku mmoja. Ni kweli. Atasema pia kwamba mwenye malalamiko ana meneja, ana ofisi ya rasilimali watu, ana chama cha wafanyakazi kama CHODAWU-Z, na ana Kamisheni ya Kazi. Hilo nalo ni kweli, na ningemshauri mfanyakazi yeyote apite huko kwanza. Lakini mara ngapi meneja anayepokea malalamiko ndiye anayelalamikiwa? Mvua za masika zinapoingia, Aprili na Mei, hoteli kadhaa za pwani hufunga au hupunguza watu. Aliyerejeshwa nyumbani bila kujua atalipwa nini ana haki ya kulieleza hilo, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa uhuru wa maoni katika kifungu cha 18. Kumfukuza kwa sababu ametaja mshahara wake ni kumwadhibu kwa kuwa ana njaa.

Sisemi kila kilio ni haki. Anayeandika kwa hasira, akamtaja msimamizi wake kwa jina na kumtukania wazazi, hadai haki. Anayetoa siri za biashara, bei walizokubaliana na mawakala au orodha ya wateja, amevunja amana. Mipaka hiyo inaweza kuandikwa kwa sentensi mbili zinazoeleweka, bila ya kuleta maneno mapana yanayomeza kila kitu.

Siasa nazo zimo humu, na visiwani hazikosekani. Mfanyakazi aliyeweka rangi za chama chake kwenye ukurasa wake akiwa nyumbani, nguo za nyumbani, ametumia haki yake. Akifanya hivyo ndani ya sare, mbele ya kaunta ya hospitali, mgonjwa wa upande wa pili ataingia na wasiwasi kama atahudumiwa sawa. Mimi ningeweka mpaka kwenye sare na mahali pa kazi, nikaishia hapo.

Kisha lipo suala la kuchunguzana. Waajiri wengine huwaambia wafanyakazi waoneshe simu zao, au humweka mtu ndani ya grupu la wafanyakazi apeleke habari juu. Romania ilikuwepo kesi ya mfanyakazi mmoja, Bărbulescu, aliyefukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri wake kusoma mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, yakiwemo ya kwake na ndugu yake na mchumba wake. Kampuni ilikuwa na katazo la kutumia vifaa vya kazi kwa mambo binafsi. Hata hivyo, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 5 Septemba 2017, majaji 11 dhidi ya 6, kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo. Kati ya mambo iliyoyatazama ni kama mfanyakazi alielezwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Hukumu hiyo haitufungi sisi. Lakini swali lake linatuhusu, kwani Katiba yetu nayo inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

Kwa jamii yetu, yenye Waislamu wengi, hukumu ya karibu zaidi tunaisoma kila siku. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupelelezana, na papo hapo inakataza kusengenyana. Mwajiri anayepekua simu na mfanyakazi anayemsema mgeni wamewekwa ndani ya aya moja. Kanuni ya kazi inayomkataza mmoja na kumwachia mwingine imechukua nusu tu.

Kuna jambo ambalo mikataba hii hainyanyui kabisa, nalo ni mwajiri anavyozitumia simu za wafanyakazi kwa faida yake. Anataka ofa ya msimu mdogo iwekwe kwenye stetasi ya kila mmoja. Anatuma maagizo kwenye grupu saa tano za usiku na asubuhi anamuuliza mtu kwa nini hakujibu. Bando ni la mfanyakazi, namba ni yake, usingizi ni wake. Ikiwa ukurasa huo ni mali ya kazi pale unapotangaza hoteli, basi kazi iulipie. Kama ni wa binafsi, kutangaza kuwe kwa hiari, na asiyetaka asitazamwe kwa jicho baya.

Wa kuyaandika upya haya wapo: ZATUC kwa wafanyakazi, ZANEMA kwa waajiri, na ofisi za serikali zinazosimamia kazi. Wangeweza kukaa pamoja na kutoa kifungu cha mfano ambacho hata hoteli yenye vyumba sita ingeweza kukitumia. Kiandikwe kwa Kiswahili, maana mikataba mingi ya hoteli ni ya Kiingereza na anayeitia saini mara nyingi anatazama mshahara tu. Kitaje nani analindwa na kwa jambo gani. Kiseme kosa la mara ya kwanza litaonywa vipi, na kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa picha ya skrini iliyoletwa na mwenziwe kabla hajasikilizwa. Na nakala yake abaki nayo mfanyakazi, si mwajiri peke yake.